Saa Iliyo Nyongani

Miaka arobaini na mmoja niliinama
juu ya meza ya kiwanda, La Chaux-de-Fonds,
lenzi imeng'ang'ania jicho la kulia,
koleo mkononi, na skrubu ndogo kuliko chembe ya chumvi.
Nilizirudishia mwendo saa za watu nisiowajua.
Yangu, iliyo nyuma ya mkanda wa suruali,
nilidhani ni kitu cha kukalia tu.

Daktari alitazama picha: "Umechakaa mgongo, Bwana Aurèle."
Kana kwamba mimi silijui neno hilo.
Nimewaambia wateja mara ngapi,
nikiwarudishia saa za babu zao ndani ya bahasha!

Jumatano jioni, chumba cha juu ya duka la mikate.
Harufu ya siagi inapenya mbao za sakafu.
Nje, theluji imezika baiskeli hadi usukani.
Tuko watano, soksi nene, mablanketi:
mstaafu wa posta, dada wawili wa famasia,
Bi Huguenin aliyepiga selo mpaka bega likagoma.
Mwalimu wetu, Réjane, haonyeshi kitu.
Anasema tu, kisha anangoja.

"Laleni chali. Kunjeni magoti.
Fikirini uso wa saa umelazwa chini ya nyonga.
Saa sita iko upande wa kitovu,
saa kumi na mbili mkiani.
Viringisheni uzito, nenda, rudi,
kisha mzunguke uso wote.
Fanyeni kidogo kuliko mnavyoweza.
Halafu nusu ya hicho kidogo."

Nilicheka kimoyomoyo. Saa! Kwangu mimi!
Mganga, wanasema, hajigangi.
Nikaanza kwa nguvu, kama kibarua anayelipwa kwa kipande.
Paja likakaza, taya likauma,
kisogo kikasukuma sakafu.
"Shingo nani kaiomba, Aurèle?" akauliza,
bila hata kugeuka.

Basi nikapunguza.
Nikapunguza tena, hadi mwendo ukawa
kama wa akrabu fupi: huioni ikienda,
unaona tu kwamba imefika.
Saa saba.
Saa nane.
Kisha, pale kabla ya tisa, ikaruka.
Jino limekosekana. Uzito ukadondoka
kutoka nane moja kwa moja hadi kumi.
Nikarudi. Ikaruka tena.
Mruko huo naujua kwa sikio;
nimeuwinda chini ya lenzi maisha yangu yote.

Sikuwa na koleo. Sikuwa na mafuta.
Nililala kando yake nikausikiliza,
na hapo nikagundua kwamba sipumui.

Kumbe.

Skrubu ile ukiipumulia inapotea.
Ndiyo maana tulifundishwa, tungali vijana wa miaka kumi na sita,
kubana pumzi mpaka iingie kwenye tundu lake.
Nilibana. Ikaingia. Nikachukua nyingine.
Hakuna aliyeniambia, siku ya kustaafu,
baina ya keki na hotuba ya mkurugenzi,
kwamba sasa naweza kuiachia.

Ikatoka. Ndefu, yenye kutetemeka,
na mbavu zikafunguka upande mmoja kabla ya mwingine
kama milango ya kabati la kale.
Nyonga ikapita nane, ikagusa tisa,
si kwa ulaini, ilikwaruza,
lakini iligusa.

Alipotuketisha kwenye vigoda
niliikuta mifupa miwili chini yangu,
miwili, kila mmoja na upande wake,
iliyonibeba tangu utotoni
bila kupata kwangu hata salamu.
Nikaegemea huu, nikaegemea ule.
Kichwa kikapanda chenyewe. Sikukiinua.

Nyumbani Solange alikuwa anapakua supu.
Nikaketi. Nikasimama kufuata chumvi, nikaketi tena.
Upawa ukabaki hewani.
"Una nini wewe?"
"Kwa nini?"
"Hujaguna."

Nikajaribu kuguna, asije akaingiwa na hofu.
Sikukumbuka mguno unaanzia wapi.